Goti Lenye Adabu

Katika maisha yangu nimepimwa goti na daktari mara tatu, na mara zote tatu kilichokuwa kikiuma ni kichwa. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani nilikuwa na shida ya miguu. Miguu yangu ilikuwa mizima, ila haikuwa na kazi nyingi. Mimi ni mtu wa nyumbani. Shuleni, mwalimu wetu wa Kiingereza alipotuagiza insha juu ya mahali ambapo tungependa kusafiri, wenzangu waliandika London na Makka. Mimi niliandika kwamba ningependa kurudi kwa mama. Nilipewa alama tatu katika kumi, mbili zikiwa za mwandiko.

Nilimaliza shule hiyo ya sekondari nikiwa na Kiingereza cha kutosha barua za kazi na maringo ya kuwatosha watu wawili. Miaka ile reli ilikuwa bado mpya Shinyanga, na kampuni moja ya Wazungu iliyonunua pamba na kuuza majembe, blanketi na taa za mafuta ilikuwa imefungua ofisi karibu na stesheni. Nikaajiriwa karani wa barua. Bwana Meneja alisema, mimi nikapiga taipu. Alipotaka kumwambia mtu jambo kwa lugha yetu, alilibwaga kwa Kiingereza lilivyo, mara nyingi likiwa tusi, nami nikalipeleka upande wa pili likiwa limeoga na kuvaa kanzu. Hakujua, na aliyeambiwa hakujua, na biashara ilikwenda vizuri. Nikijisifu kwa lolote katika ukarani wangu, ni hilo.

Kutoka ofisini hadi kwangu ulikuwa mwendo wa kuvuta sigara moja, na hapo dunia yangu ilikoma. Nyumba ilikuwa ya udongo, kuta nene, paa la nyasi lililoshuka mpaka mgeni akalazimika kuinama kuingia, na dirisha moja lililozibwa kwa gunia. Wageni walisema mna giza. Giza lile nililijenga kwa makusudi.

Nililijenga kwa ajili ya kipandauso. Wasiokijua hudhani ni kuumwa kichwa kama wanavyoumwa wao wakikosa chai. Changu kilianza na mistari ya mwanga, imepindapinda kama meno ya msumeno, ikitambaa pembeni mwa jicho la kushoto. Nikiiona hiyo nilikuwa na nafasi ndogo tu ya kufika nyumbani. Baadaye ilikuja nyundo nyuma ya jicho, kila pigo la moyo ni pigo lake, na kichefuchefu, na harufu ya mafuta ya taa ya jirani ikawa kama nimeyanywa. Filimbi ya treni ilinipasua. Mke wangu alinifunga kichwa kwa kitambaa kilicholowa, akawafukuza kuku uani, nami nikalala gizani kama mbegu. Katika mwezi, siku za kuumwa zilizizidi siku za kupona, na hali ilikuwa hivyo mwaka baada ya mwaka.

Mke wangu alikuwa Msukuma wa upande wa Kishapu, binti wa mfugaji, mwanamke wa maneno machache yenye ncha. Kwa kawaida aliniita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, kama ilivyo desturi. Alipotaka kunitania, yaani karibu kila siku, aliniita Bwana Karani.

Bwana Meneja hakuamini kipandauso. Alikuwa na elimu yake ya udaktari, fupi na imara: ugonjwa ni kitu kinachoonekana. Kidonda ni ugonjwa. Uvimbe ni ugonjwa. Homa nayo aliikubali kwa sababu kipimo cha kioo kiliionyesha.

"Unaumwa nini?" aliniuliza siku moja niliporudi kazini baada ya kulala siku mbili.

"Kichwa, Bwana."

"Kina kidonda?"

"Hapana, Bwana."

"Kimevimba?"

Nilifikiri kusema ndiyo, kwa kuwa shuleni walinieleza mara nyingi kwamba kimevimba. "Hapana, Bwana."

"Basi hukiumwi. Unakisikia tu. Hata mimi nakisikia changu."

Wakati huo dhahabu ya Geita ilikuwa imewatia watu wazimu. Kampuni ilikuwa ikijenga duka huko, la mabati juu na mabati ubavuni, hatua chache kutoka kwenye mashine za kuponda mawe ambazo zilikuwa zikitwanga mchana kutwa bila kupumua. Alihitajika karani. Bwana Meneja alinitazama mimi. Mtu aliyefukuziwa kuku kwa sababu ya makelele alipangiwa kuishi chini ya bati, kando ya kinu cha mawe.

Nilimweleza. Kwa haki yake, alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akatoa hukumu. Niende kwa daktari. Daktari akikuta ugonjwa wenyewe, wenye jina na dalili, nitabaki Shinyanga na Geita atapelekwa mwingine. Akikuta maumivu tu, mwisho wa mwezi napanda lori.

"Nawe ukasema nini?" mke wangu aliuliza jioni.

"Nilisema ndiyo."

"Ulisoma miaka yote ile ili ujue kusema ndiyo."

"Nilisema kwa Kiingereza."

"Ah. Hapo sawa," akasema, akaendelea kuchambua choroko.

Daktari alikuwa Mzungu mwembamba aliyepita kwetu mara moja kwa juma, akipimia watu katika nyumba ndogo yenye baraza. Msaidizi wake, ambaye sisi tulimwita dresa, alikuwa mtu wa mjini, mwenye asili ya pwani, mwenye kanzu safi chini ya aproni na kofia aliyoivua mbele ya daktari tu. Yeye alifunga vidonda, alitoa dawa na kufasiri.

Nilipofika nilikuta wakulima watatu wa pamba kwenye benchi, wametoka Kishapu kwa miguu. Mmoja alikuwa na kifua, mwingine mgongo, wa tatu jicho. Wote watatu waligongwa goti. Daktari alikuwa amepata kinyundo kipya, kidogo, chenye kichwa cha mpira mweusi, na alikuwa nacho kama mtu aliyenunuliwa filimbi: hakuweza kukiacha. Alikaa kwenye kigoda kifupi mbele ya mgonjwa, uso wake ukiwa juu kidogo ya vidole vya mguu wa mgonjwa mwenyewe, akagonga chini ya goti, akasubiri mguu uruke. Mguu haukutikisika. Akagonga tena. Haukutikisika. Akatikisa kichwa na kuandika. Watatu wote, magoti sita, hakuna lililojibu.

Ikawa zamu yangu. Nikamsalimu kwa Kiingereza na kumweleza habari za jicho la kushoto, za misumeno na za kichefuchefu, kwa sentensi ndefu nilizozitayarisha njiani. Alinisikiliza, kisha akamgeukia dresa.

"Anasema nini?"

"Anasema kichwa, Bwana Daktari," dresa akasema kwa Kiingereza chake.

"Kwa nini hakusema hivyo?"

Akakaa kwenye kigoda. Nikaning'iniza miguu kutoka mezani kama nilivyoelekezwa. Akagonga. Nami nikausikia mguu ukitaka kuruka. Niliusikia wazi, kama mtu asikiavyo chafya ikija. Kisigino changu kilikuwa usawa wa kidevu cha mtu mzima, Mzungu, mganga, aliyekaa chini yangu. Nililelewa katika nyumba ambayo mtoto hakumnyooshea mkubwa hata unyayo akiwa amelala. Aliyenyoosha aliulizwa kama anadhani yuko zizini. Nikauzuia. Nikakaza paja na shavu la mguu mpaka jasho likanitoka. Akagonga mara ya pili kwa nguvu zaidi. Nikabana zaidi, huku nikijisifu moyoni kwamba angalau adabu yangu ingemfurahisha.

Aliniangalia kwa huruma iliyonitia wasiwasi. Akanimulika jicho, nikajikunja kwa uchungu. Akaandika barua, akaifunga, akanipa nimpelekee Bwana Meneja.

Barazani nilimuuliza dresa kwa sauti ya chini, "Yule wa mgongo, na wa jicho, na wa kifua, wote magoti yao yamekufa?"

"Magoti ya watu wa huku yana adabu sana," akasema dresa, akikunja bendeji.

"Umemwambia daktari?"

"Mimi naulizwa dawa, bwana mdogo. Siulizwi adabu." Akanisindikiza hadi ngazini. "Lakini wewe umesoma. Nilidhani wewe utarusha."

Barua iliyofungwa haimsumbui karani. Hiyo ni kazi ya mvuke wa chungu cha uji, na mke wangu alikuwa na uji motoni. Nikaifungua bila kuichana, nikasoma nimesimama, kisha nikakaa.

Daktari aliandika kwamba kichwa kinachouma, macho yanayokimbia mwanga na magoti yasiyojibu, vikiwekwa pamoja, vinaonyesha kaswende ya zamani iliyokwisha kuingia kwenye uti wa mgongo. Kwa Kiingereza ni neno ambalo nililijua vizuri. Shuleni tulihubiriwa juu yake kila muhula, na nadhani lilikuwa neno la kwanza refu kuliandika bila kosa. Aliandika pia kwamba mgonjwa hafai kuhamishwa, abaki Shinyanga apate sindano kila juma, na mkewe aletwe naye apigwe sindano.

Nisome tena: mgonjwa hafai kuhamishwa. Nilichokuwa nakitaka kilikuwa pale, kwa wino, na saini. Nyumba yangu, gunia langu, giza langu. Bei yake ilikuwa neno moja tu.

"Barua inasemaje?" mke wangu aliuliza.

"Inasema nitabaki."

"Wabeja Mungu," akashukuru kwa Kisukuma, na uso wake ukafunguka. Hakuwa mtu wa kuonyesha, lakini nilimwona akitazama ukuta, chungu, mlango, kama mtu anayerudishiwa vitu vyake. "Ugonjwa wako unaitwaje basi?"

Hapo ningeweza kubuni. Niliwabunia watu wazima maneno kila siku kwa mshahara. Lakini ile sentensi ya mwisho, ya mkewe aletwe, haikuwa na mahali pa kufichwa. Nikamwambia.

Aliusogeza uji kando ya moto, akajifuta mikono.

"Umeupata wapi?"

"Sijaupata."

"Daktari kaupata wapi?"

"Kwenye goti."

"Wewe mtu ambaye nikikutuma sokoni unarudi njiani kwa sababu kuna jua. Kwa mwanamke gani ulifika?"

Nikasema hilo ndilo jambo la kwanza la busara kusemwa juu ya ugonjwa wangu tangu asubuhi. Kisha nikamweleza habari za kinyundo, kigoda, uso wa daktari na mguu nilioubana. Nilitegemea acheke. Hakucheka mara moja, kwa maana naye alikuwa binti wa nyumba ileile ya adabu.

"Kweli," akasema, "ungempigaje teke mtu mzima?" Ndipo akacheka, mpaka akakaa chini. Alipomaliza akawa hacheki kabisa. "Sikiliza, Bwana Karani. Sindano naipenda, kila mtu anaipenda. Lakini sitapanga foleni ya sindano hiyo hapa mjini, baba yangu akaja kusikia huko. Ukipeleka barua hiyo, utabaki na nyumba yako na giza lako, peke yako. Rudi kwa yule mtu, ukampige teke."

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba giza lile lilikuwa na mtu ndani yake. Nilidhani ni ukuta na gunia. Ndivyo elimu ilivyonisaidia.

Daktari hakuwa anarudi mpaka juma lililofuata, nasi tukazitumia siku za katikati kwa mazoezi. Mimi nilikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mke wangu akakaa kigodani na mwiko. Akagonga. Mguu ukakaa kimya, kwa maana adabu haiondoki kwa kuamriwa, na kumpiga teke mke aliyekaa mbele yako si jambo rahisi kuliko kumpiga daktari.

"Legea."

"Nimelegea."

"Umelegea kama mti wa zizi."

Akagonga mfupa. Nikalia. Mwishowe tukaona njia ya mkato: kama mguu hauwezi kuruka wenyewe, nitaurusha mimi. Mwiko ukigusa, narusha. Siku ya tatu nilikuwa hodari. Siku ya tano nilirusha mwiko ukiwa bado hewani. Siku ya sita aliingia na mwiko wa ugali, nami nikiwa nimekaa kusubiri chakula, mguu ukaruka wenyewe ukagonga bakuli la mlenda.

"Umepona," akasema mke wangu, akiangalia mlenda unavyoingia ardhini.

Siku moja, kunichokoza tu, alinigonga katikati ya nyusi kwa ncha ya kidole. Nikapepesa macho. Akagonga tena, nikapepesa. Akaendelea, polepole, kama mtu anayebisha hodi, na kila mara macho yangu yalifumba, hata nilipojua kidole kinakuja na hata nilipoapa sitapepesa. Akaniambia nimgonge yeye. Mara tatu akapepesa. Ya nne akanitazama tu kwa macho makavu, na hakupepesa tena.

"Kichwa chako hakizoei," akasema. "Kila hodi kwake ni mgeni mpya. Ndiyo maana treni inakuua."

Nilifikiri maneno hayo yana akili kuliko barua niliyobeba, na mpaka leo sijasoma mahali popote maelezo ya kichwa changu yaliyonikaa zaidi. Nilipomsimulia daktari baadaye aliniuliza huyo mwanamke kasoma wapi.

Siku ilipofika nikaenda, nimenyoosha suruali. Benchi lilikuwa limejaa magoti yenye heshima. Dresa aliniona, akaandika jina langu upya bila kuniuliza kitu. Nikapandishwa mezani. Daktari akakaa kigodani, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kinyundo.

Mguu ukaruka. Kinyundo kilikuwa bado kinatoka mfukoni.

Daktari akasimama. Akajaribu goti la pili. Nalo likaruka kabla ya kuguswa, tena juu zaidi, maana nilikuwa nimetaharuki. Akaweka kinyundo mezani, akamwambia dresa kwa sauti ambayo haikuwa na huruma tena kwamba mtu huyu anajifanya, kwamba juma lililopita alijifanya na leo anajifanya, na kwamba ataandika hivyo.

"Anasema unajifanya," dresa akanifasiria, kwa adabu tu, kwa kuwa nilikuwa nimeshaelewa.

"Mwambie sijifanyi."

"Mwambie mwenyewe, si umesoma?"

Nikafungua kinywa kumwambia, na Kiingereza chote kikanitoka, sarufi na kila kitu. Nikabaki nimekaa kama gunia la pamba. Akaniambia nisubiri nje wakati anaandika. Kwa hiyo kwa juma moja nilikuwa nimepanda kutoka mgonjwa wa kaswende hadi mwongo, na sikuweza kuamua kipi mke wangu angekipenda.

Nje jua lilikuwa limepiga paa la bati la ghala la jirani, na mng'ao wake ulinijia moja kwa moja. Nikaona meno ya msumeno yakianza kutambaa jicho la kushoto. Nilijua ninachokijua: nina muda mdogo wa kufika nyumbani. Lakini barua ilikuwa bado haijaandikwa, na aliyeondoka bila barua ni mwongo kweli. Nikabaki. Mistari ikajaa jicho lote, kisha nyundo ikaanza, ile halisi isiyo na mpira. Nikainama ukingoni mwa baraza nikatapika mbele ya wakulima wote, mmoja akanishika bega akasema, "Pole, ng'wanangu, pole."

Dresa akanibeba ndani akanilaza mezani miguu ikining'inia. Nilimsikia daktari akija. Sikuona kitu, nilikuwa nimejifunika macho kwa mkono na kumwomba mtu yeyote aniue au afunge dirisha. Dirisha likafungwa. Nadhani ni dresa.

Akanigonga goti. Sikubana wala sikurusha, kwa kuwa sikuwa na habari za goti wala za adabu. Sikukumbuka kama ni mtu mzima, mkubwa au mbuzi aliyekaa mbele yangu. Mguu ulikwenda wenyewe, mfupi na wa haraka, ukampiga daktari kifundo cha mkono ulioshika kinyundo. Nikasikia kinyundo kikianguka sakafuni.

"Vizuri," daktari akasema. Lilikuwa neno la kwanza la Kiswahili nililomsikia akisema, na alikuwa na furaha ya kweli. Akagonga lingine. Likajibu. "Vizuri sana."

Nilipoweza kusimama, jioni ilikuwa imekaribia. Alinipa barua mpya. Ya kwanza hakuniomba, labda aliisahau. Nikaenda nyumbani nikiambaa ukuta wa kila nyumba penye kivuli, na kesho yake tukaitia barua mvuke kama kawaida. Magoti mazima, aliandika. Kaswende hakuna. Mgonjwa hajifanyi, ana maumivu makali ya kichwa ya upande mmoja, ya muda mrefu, ambayo hayana dawa. Akae penye giza na kimya.

"Huyu mtu si mjinga," mke wangu akasema.

"Alihitaji kutapikiwa tu."

Asubuhi iliyofuata nikasimama mbele ya meza ya Bwana Meneja nikiwa na barua mbili, moja kila mfuko. Wa kulia ulikuwa na uwongo ambao ungenibakiza nyumbani kwangu. Wa kushoto ulikuwa na ukweli wote. Naomba nisisifiwe kwa nilichofanya. Mkono wangu uligusa wa kulia kwanza, ukakaa pale kitambo. Nilikuwa naona kigunia cha dirisha langu. Kisha nikaona foleni ya sindano, na kigoda cha mwenye mwiko kikiwa kitupu. Nikatoa ya kushoto.

Alisoma akifuatisha mistari kwa kalamu. Kalamu ikafika kwenye neno maumivu, ikasimama. Haikwenda mbele tena, haikufika kwenye giza wala kwenye kimya.

"Kumbe ni maumivu tu," akasema, akaikunja. "Mwisho wa mwezi kuna lori."

Hivyo ndivyo mtu wa nyumbani alivyofika Geita. Duka lilikuwa bati juu, bati ubavuni, na chumba cha karani nyuma yake bati vilevile. Mchana liliwaka kama sufuria. Mashine ziliponda mawe mpaka maji yakacheza kwenye kikombe. Juma la kwanza nililala siku nne, na wachimbaji walionunua mishumaa walijihudumia wenyewe wakaniachia salamu.

Juma la pili mke wangu akaja na watoto, vyungu, mwiko na jembe. Hakuuliza naendeleaje. Aliingia chumbani, akatazama juu, akatoka. Siku iliyofuata nikasikia juu ya bati sauti ya kitu kikivutwa. Alikuwa amekubaliana na wake watatu wa wachimbaji, wakakata nyasi bondeni, na sasa walikuwa wanaliezeka bati, tabaka juu ya tabaka, nene kuliko lile la Shinyanga. Ukutani akakandika udongo. Dirisha akalipigia gunia. Mashine ziliendelea kuponda, lakini zilikuja zimefunikwa, kama mtu anayetwanga nyumba ya tatu. Nikalala. Nilipoamka ilikuwa saa sita mchana na sikujua.

Bwana Meneja alipokuja kukagua alisimama nje, mikono kiunoni.

"Nani kaweka majani juu ya bati langu?"

"Mke wangu, Bwana."

Naye alikuwa pale, ameshika ungo. Bwana Meneja akasema kwa Kiingereza, kwa maneno ambayo hata shuleni hatukufundishwa yote, kwamba bati lile limetoka mbali kwa meli na reli, kwamba si zizi la ng'ombe, na kwamba nyasi zote zishuke kabla hajaondoka. Akaniashiria nimfasirie.

Nikamgeukia mke wangu. "Bwana Meneja anakusalimu," nikamwambia, "na anasema hajaona paa zuri kama hili tangu aje nchi hii."

Mke wangu akamtazama yule mtu, uso mwekundu, mishipa imesimama shingoni. Hakuwa na Kiingereza, lakini macho alikuwa nayo. Akapiga goti kidogo kwa heshima.

"Mwambie wabeja," akasema. "Na mwambie siku nyingine asipaze sauti hivyo akisifu watu, kuna mgonjwa ndani."

"Anasema amesikia, Bwana," nikafasiri. "Atazishusha mara mvua zikiisha, kwa sababu sasa bati linavuja."

"Linavuja?" Bwana Meneja akalitazama bati lake jipya kwa uchungu. Kuvuja alikuwa anakujua. Ni kitu kinachoonekana. Akaandika kwenye kijitabu, akapanda gari lake.

Mvua ziliisha, zikaja nyingine. Nyasi tulizibadilisha mara mbili. Nami nimekaa Geita miaka mingi kuliko nilivyokaa popote, chumbani mle, na bado kidole kinapogonga katikati ya nyusi zangu napepesa kila mara, na mwenye kidole bado ananihesabia kwa sauti ili anicheke.